Sanamu ya Mtu wa Saba

Walimpa ushindi kabla hajakimbia. Uongo ulianzia hapo, na kwa kuwa siku hiyo hakuna aliyeona haya, ukazaa, na wanawe wakazaa, mpaka mji mzima ukawa ukoo mmoja wa uongo mmoja, watu wanaoamkiana asubuhi kwa adabu na kuulizana kama mvua itakatika.

Mji wenyewe ulikuwa na jina, lakini mvua ilikuwa imelifuta kwenye kibao cha barabarani na hakuna aliyeona haja ya kuliandika upya. Aliyeishi mle alijua alipo. Asiyeishi mle hakuwa na sababu ya kufika. Ulikuwa Ayalandi, upande wa magharibi, au mahali palipofanana na Ayalandi kama ndoto inavyofanana na jana yake. Nyumba za mawe, kuta za mawe, kondoo waliolowa, na moshi wa udongo mweusi wanaouchimba kinamasini, wakaukausha na kuuchoma badala ya kuni. Moshi ule uliingia kwenye nguo, kwenye mkate, kwenye ndevu za wanaume. Fintan Lavelle alizaliwa ndani ya harufu hiyo, mtoto pekee wa Nuala, mshona nguo, na alianza kukimbia kwa sababu mji haukumwonyesha kitu kingine cha kufanya na miguu.

Malachy Durkan, dereva wa lori la maziwa, ndiye aliyemvumbua. Alimwona kwenye kioo cha pembeni, kijana anayelifuata lori mlimani bila kuachwa, akafungua dirisha akauliza, "Unakimbizwa na nani?"

"Sikimbizwi na mtu."

"Basi kesho njoo nikukimbize mimi."

Tangu siku hiyo Malachy akawa kocha, na Fintan akawa mtu wa mbio za kati, zile za mita elfu moja na mia tano. Ni mbio za mateso ya aina yake: ndefu mno kwa anayetegemea kasi, fupi mno kwa anayetegemea subira, hivyo anayezikimbia hana pa kujificha. Alishinda jimbo. Alishinda nchi. Na kila alipokata utepe, watu wa mji walisema, "Tumeshinda!" Alipokuja kuugua kifundo cha mguu akaachwa nyuma mara mbili tatu, walisema, "Kashindwa." Fintan alikuwa kijana, lakini masikio yake yaliunasa mchezo huo wa silabi. Kwenye ushindi wao ni wengi na yeye hayumo. Kwenye kushindwa yeye yuko peke yake na wao wamekwenda zao. *Sasa miguu hii ni ya nani? Ikiuma ni yangu. Ikishinda ni yao.* Alijiuliza hivyo, akacheka, akafunga kamba za njumu zake.

Kisha zikaja mbio za dunia. Aloysius Breen, Mwenyekiti wa Halmashauri, mwanamume mwenye midomo iliyokuwa imelowa saa zote kama ya ndama anayenyonya, aliwaita wajumbe akawaambia kwamba fundi wa shaba ana nafasi mwezi ule tu. Ama sanamu ichongwe sasa, ama isichongwe kabisa. Wakapiga kura. Mikono yote ikanyooka. Fintan akatengenezwa kwa shaba, mikono juu, kinywa wazi, utepe ukiwa umemkatikia kifuani, wakati Fintan wa nyama na damu alikuwa bado ndani ya ndege akitafuna mkate mkavu.

Akawa wa saba.

Lazima isemwe ilivyokuwa, kwa sababu baadaye hapakupatikana wa kuisema. Kengele ya mzunguko wa mwisho ilipolia alikuwa wa kumi na moja, amebanwa kati ya migongo, na kitu ndani yake, si ushujaa, labda ni hasira ya kawaida tu, kikamwambia aende. Akaenda. Alipita watu ambao kabla ya hapo aliwaona kwenye picha tu. Dunia ikawa nyembamba kama tundu la kufuli, na ndani ya tundu hilo mlikuwa na mstari mweupe. Alipouvuka alianguka chali, na pale chini, huku kifua kikimpanda na kumshuka, alianza kucheka. Malachy alimjia mbio, akapiga magoti, machozi yakimtoka.

"Hukubakiza kitu, mwanangu," Malachy alisema. "Hata tone. Hujawahi kukimbia hivi, na hutakimbia tena hivi."

"Wa ngapi?"

"Wa saba."

"Duniani?"

"Duniani, mwanangu. Duniani!"

Wakacheka wote wawili kama wezi waliofaulu. Kama kuna kitu ambacho mtu anaweza kusema ni chake, kwamba hakupewa, hakukirithi, hakukiiba, kwa Fintan Lavelle kilikuwa hicho.

Aliporudi, bendi ilikuwa kituoni. Alidhani ni kwa sababu wamefurahi. Wakamwongoza hadi uwanja wa mbele ya kanisa, na pale palikuwa na kitu kirefu kilichofunikwa turubai. Breen akavuta kamba. Fintan akajiona: mtu wa shaba anayemeremeta, mikono juu, akipiga ukelele wa ushindi ambao yeye hakuupiga. Chini, kwenye jiwe, maneno: BINGWA WA DUNIA.

"Bwana Mwenyekiti," alisema taratibu, akidhani kuna mtu aliyesahau kuwaambia. "Nilikuwa wa saba."

Breen alimshika mkono kwa mikono yake miwili, yenye joto na unyevu. "Shaba haijui hayo mambo," akasema. "Shaba ikishapoa imepoa. Tabasamu, kijana. Watu wanapiga picha."

Na Fintan akatabasamu. Ndiyo, alitabasamu, alikuwa na adabu na mama yake alikuwa akimtazama. Lakini mdomoni mwake alihisi ladha ya sarafu ya zamani, ladha ya kitu kilichopita mikononi mwa watu wengi wasionawa. Alitema mate nyuma ya ukuta. Ladha haikutoka. Ilikuwa mgeni siku hiyo. Baadaye ikawa mwenyeji.

Sherehe ya Ushindi ilikuwa ya kila mwaka, kisha ikawa ya kila nusu mwaka, kisha ikawa ya kila walipojisikia, mpaka miaka ikapotelea ndani yake na hakuna aliyejua kati ya sherehe na sherehe umepita muda gani. Nywele za Fintan zilianza kuwa nyeupe kwenye sherehe moja na zilikuwa zimekwisha kwenye inayofuata. Kila mara ilikuwa ni kondoo wa kuchemshwa, vipande vikubwa vinavyoelea, mafuta yakiganda meupe pembeni mwa sahani kama nta ya mishumaa. Na watu wakila, wakijipangusa vidole kwenye ndimi zao, kisha wakienda mmoja mmoja kuipapasa sanamu mguuni, kwenye shavu la mguu, wapate baraka. Shavu lile liling'ara kuliko sehemu nyingine zote. Lilikuwa na utelezi. Siku moja alilishika mwenyewe, kwa kutaka kujua tu, na kiganja chake kikatoka na mafuta ya mji mzima: ya kondoo, ya nywele, ya midomo ya akina mama waliolibusu. Alinawa kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikachubuka.

Shuleni watoto walifundishwa jinsi alivyoshinda. Watalii walipoanza kuja, alikuwa akikutana nao pale chini ya sanamu amevaa koti la mvua, na wao humwuliza, "Mzee, ulimjua?"

"Nilimjua kidogo," alianza kujibu.

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Alikuwa na kinywa kikubwa."

Angeyavumilia yote hayo kama si Malachy. Malachy alikuwa amezeeka, lori la maziwa lilikuwa na dereva mwingine, na jioni zake zilikuwa ndefu. Halmashauri ilimpa kiti cha mbele na kazi ya kusimulia. Akawa anasimama jukwaani na kueleza mzunguko wa mwisho, jinsi Fintan alivyompita yule mtu wa milimani, Murei, aliyeshinda kweli siku ile, kwenye kona ya mwisho, kwa unene wa unyoya. Na alipofika hapo machozi yalimtoka. Hilo ndilo lililomchefua Fintan kupita yote: machozi yenyewe yalikuwa ya kweli. Yalikuwa machozi yale yale ya siku ile, yaliyomwagika kwa ajili ya mtu wa saba, na sasa yanamwagwa mahali pengine.

Alimfuata hadi mlangoni. "Kocha, wewe ulikuwepo. Ulipiga magoti pale. Uliniambia neno."

Malachy alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Nilikuambia nini, mwanangu?"

"Kwamba sikubakiza kitu."

"Enhee! Na ndiyo maana ulishinda."

*Ukweli unahitaji watu wangapi ili usimame? Meza inataka miguu minne, kigoda mitatu. Ukweli je? Mtu mmoja anatosha? Mtu mmoja akisimama peke yake anayumba. Wanasema: tazameni, anayumba. Uongo una miguu ya mji mzima, unatembea kama mdudu yule mwenye miguu mingi, tena haraka. Ukimkanyaga kati anaendelea mbele na anaendelea nyuma.*

Alikuwa bado na mama yake. Nuala alikuwa ameyasikiliza mashindano kwenye redio akiwa na sindano mdomoni, na aliporudi mwanawe alimwandalia meza bila maneno mengi, akamwambia wa saba ni mbele kwa mtu aliyetoka nyuma. Lakini miaka, au sherehe, ilipita. Majirani walimwita Mama Bingwa. Dukani hakupanga foleni. Na siku moja, akiwa kitandani, vidole vyake vikishona hewa, alimwambia Fintan, "Usikasirike na watu, mwanangu. Mtu aliyeishinda dunia hapaswi kuwa na hasira."

"Mama. Mimi sikushinda."

"Nilisikia redioni."

"Redio ilisemaje?"

Nuala alifumba macho, akatafuta. Fintan aliona uso wake ukihangaika, kama mtu anayepapasa sanduku ambalo nguo zake zimebadilishwa. Kisha uso ukatulia. "Ilisema tumeshinda," akasema.

Alikufa wiki ile. Jiwe la kaburi lililetwa na Halmashauri, zuri, jeusi, limechongwa: NUALA LAVELLE, MAMA WA BINGWA. Fintan alipoliona alikwenda kuchukua nyundo ya kuvunjia mawe, akarudi, akaiinua. Hakuweza. Jina la mama yake lilikuwa juu ya uongo, na pigo lolote lingelipitia jina kwanza. Aliiweka nyundo chini, akakaa kwenye majani mabichi, na kinyaa kikampanda kutoka kwenye nyayo, taratibu, kama maji yanavyopanda kwenye utambi.

Kwenye sherehe iliyofuata alipanda jukwaani bila kuitwa. Akasema, kwa sauti kubwa, "Mimi ni Fintan Lavelle. Nilikuwa wa saba. Mama yangu alikuwa mama wa mtu wa saba. Sanamu ile si yangu."

Kisha kicheko kikaanzia nyuma, kicheko cha upendo, kikaja mbele kikiongezeka, na makofi juu yake. Breen alimkumbatia, midomo yake ikamgusa sikio. "Mnaona?" aliuambia umati. "Bingwa wa kweli hajisifu!" Mwaka huo, chini ya maneno BINGWA WA DUNIA, wakaongeza: NA MNYENYEKEVU.

Ndipo alipomkumbuka Murei. Kama kuna mtu aliyejua nani alishinda, ni yule aliyeshinda. Alipiga simu huku na huko, kutoka chama cha riadha hadi kingine, mpaka sauti ya mbali, yenye kikohozi, ikaitika. Fintan alimweleza yote. Sauti ikauliza, "Wanaudai ushindi wangu?"

"Ndiyo."

"Nitakuja," sauti ikasema, na Fintan alisikia ndani yake kitu kama furaha.

Murei alifika na mvua, mzee mrefu mwembamba aliyevaa koti zito kuliko yeye. Lakini Breen alikwisha kupata habari. Alimpokea kituoni mwenyewe, akampeleka moja kwa moja ukumbini, akamketisha mbele ya sahani ya kondoo, na Fintan alipofika akihema, mgeni alikuwa tayari ameshika kipaza sauti. Watu wote walikuwa wamemgeukia. Hata Breen alikuwa ameacha kutafuna. Mara hii, Fintan aliwaza. Mara hii.

"Watu wa mji huu," Murei alisema. "Nakumbuka vizuri. Kwenye kona ya mwisho nilisikia nyayo. Mtu wenu alinipita. Alinishinda."

Ukumbi ulilipuka. Viti vilianguka. Malachy alilia. Fintan alipita katikati ya mikono iliyokuwa ikimpiga mgongoni, akamshika Murei koti, akamvuta hadi nyuma ya ukumbi, mahali palipowekwa masufuria ya karamu, mafuta yakiwa yameganda juu yake kama barafu chafu. Walizungumza Kiingereza cha viwanjani, kila mmoja kwa lafudhi ya kwao.

"Kwa nini?"

"Keti, ndugu yangu."

"Siketi! Wamekupa nini?"

"Sikupewa kitu. Mimi ndiye niliyewapa." Murei alikaa juu ya kreti, akajikunyata. "Niliposhuka kwenye ndege, Mkuu wa nchi yetu alinivua medali pale pale kwenye ngazi akaivaa yeye. Akasema, 'Nimeshinda.' Wakapiga vigelegele. Tangu hapo kila alipotembelea wilaya nilikimbizwa mbele ya gari lake. Mwaka waliogoma walimu, niliwekwa mbele ya askari nikiwa na fulana yangu ya mbio, ili watu washangilie wakati wenzao wanapigwa. Na walishangilia. Mjomba wangu alikuwa mwalimu." Alijinusa kiganja, kama mtu asiyejua kwamba anafanya hivyo. "Ushindi ule unaninuka. Nimeuoga, hautoki. Uliponipigia simu nilimwambia mke wangu, wamepatikana watu wanaoutaka. Nimekuja kuutua."

"Umeutua juu yangu."

"Wewe sikukuwaza. Samahani sana, lakini niulize tu: siku ile ulikuwepo?"

Fintan alitaka kumpiga. Mkono ulifika hadi begani, akaushusha. "Nilikuwa wa saba."

"Sikugeuka nyuma," Murei alisema. Kisha akauliza, "Ilikuwaje huko?"

Katika miaka yote hiyo hakuna aliyemwuliza. Fintan akasimulia, amesimama, kwa maneno machache yaliyochakaa: kengele, migongo, tundu la kufuli, nyasi chini ya kisogo, kicheko. Murei alisikiliza kinywa wazi kidogo, kama mtu mwenye njaa anayesikiliza habari za chakula.

"Ulicheka," akasema. "Mimi walinifunika bendera kabla sijashusha pumzi." Akainamisha kichwa. "Nimekunyang'anya, sivyo? Sikujua wa saba ana kitu cha kunyang'anywa."

Mlango ulifunguliwa kwa teke. Breen aliingia na watu wake, uso mwekundu, kidevu kikimeremeta kwa mafuta. "Mabingwa wangu! Umati unawataka. Mtakimbia mbele yao, kutoka kituoni hadi kwenye sanamu. Mgeni wetu atatangulia, halafu kwenye duka la mchinjaji Fintan atampita. Kama ilivyokuwa!"

Waliwavua makoti. Waliwasimamisha barabarani, wazee wawili wenye mashati yaliyowagandia mbavuni, na mji wote ukajipanga pande zote mbili na nyuma yao. Filimbi ikalia.

Walianza. Murei alikuwa mbele kwa hatua chache, kisha akapunguza ili Fintan ampite upesi, yaishe. Fintan akaliona hilo, naye akapunguza. Murei akageuka, akamwona, akapunguza zaidi. Walifika kwenye duka la mchinjaji wakitembea. Kichwa cha kondoo kilikuwa kimening'inia dirishani, ulimi nje. Hapo wakasimama, bega kwa bega, mvua ikiwachuruzika.

"Kimbia!" mtu alipiga kelele.

"Mpite!" mwingine akasema, na sauti yake ilikuwa karibu kulia. "Mpite, tafadhali!"

Hakuna aliyesogea. Fintan aliwatazama, nyuso hizo alizozijua tangu utotoni, na aliona kwamba hawakuwa na hasira naye. Walikuwa na uchu. Walihitaji mwisho, kama mlevi anavyohitaji glasi, na hawakujali nani atauleta. Umati wa nyuma ulianza kusukuma. Mtu alijikwaa, akapita mbele yao, akajikuta yuko peke yake barabarani, mbele, na akaanza kukimbia. Mwingine akamfuata. Kisha wote: akina mama wenye mabeseni, mwalimu, wapiga bendi na matarumbeta yao, Malachy akichechemea, Breen akiwapiga watu viwiko mbavuni, matumbo yakiruka, vifua vikilia kama milango mibovu, wakikanyagana, wakitapakaza matope, mji mzima ukikimbilia sanamu yake. Huko mbele Breen ndiye aliyefika. Aliinua mikono, akafungua kinywa. Kwa mbali, katika mvua, ilikuwa vigumu kujua yupi wa shaba na yupi wa nyama.

"Tumeshinda!" ukelele ukatoka.

Fintan aliinama ukutani akatapika. Alitapika kondoo wa jana na wa juzi, alitapika mpaka ikawa maji, na maji yakawa uchungu, na bado tumbo liliendelea kukamua kana kwamba kuna kitu kingine cha zamani zaidi kilichokuwa kimebaki. Murei alimshika paji la uso kwa kiganja chake kikavu, kama mzazi anavyomshika mtoto, na hakugeuza uso kwa harufu.

Ilipoisha, wakakaa kwenye ngazi ya mchinjaji. Barabara ilikuwa tupu, imejaa viatu vilivyochomoka miguuni.

"Nieleze vizuri," Murei alisema. "Wa sita alikuwa nani?"

Fintan alijipangusa mdomo. Alifikiri kidogo tu.

"Mrefu," akasema. "Bega moja chini kuliko lingine. Soksi yake ya kushoto ilikuwa imeshuka, na kona nzima niliikodolea macho nikiomba imwangushe. Haikumwangusha. Baadaye alikuja kuniinua pale kwenye nyasi. Aliitwa Vesterlund."

"Westalandi," Murei akasema.

"Ves-ter-lund."

"Vestalundi."

"Karibu," Fintan alisema. "Hebu tena."